Msimamizi wa Nerys

Kwetu huku mabondeni Wales, muuguzi anaweza kumjua mgonjwa kuliko mke wake anavyomjua, lakini hamwandikii dawa ya maumivu mpaka asome chuoni, tena apate daktari wa kumsimamia kazini kwa miezi. Chuo kinakufundisha. Daktari wa kukusimamia unamtafuta mwenyewe, na hapo ndipo watu wanapokwama.

Nerys Probert, muuguzi wetu, alikwama miaka miwili. Mimi napokea wagonjwa pale kliniki, kwa hiyo simu za kumtafutia msimamizi nilipiga mimi. Madaktari walinijibu kwa adabu tamu: kazi nyingi, labda mwakani. Niliwachukia na sijaacha. Nerys aliwahudumia wanaokufa majumbani, huko juu kwenye mashamba ya kondoo, na wikendi alikaa nao wakilia, dawa zimewaishia, huku wote wakisubiri daktari avuke mlima. Hakutaka cheo. Alitaka asiwasubirishe tena.

Mwishowe niliitwa na Dokta Ifor Maddocks, mzee wetu wa kliniki, ambaye alikuwa ameshaanza kufungasha vitabu vyake astaafu.

"Beti, acha hizo simu. Nitamsimamia mimi."

"Si ulisema umechoka?"

"Nimechoshwa na kelele zako."

Majira yote ya baridi walizunguka nyumba kwa nyumba. Nerys alimpima mgonjwa na kusema angempa nini, Dokta akaandika. Garini ndipo alipomsuta: "Figo zake umezisahau! Unataka kumuua bibi wa watu?" Nerys alirudi kliniki masikio yamemwiva, anacheka. "Huyu mzee ana mdomo!"

Dokta akawa anakonda. "Hiyo suruali umeazima kwa nani?" nikamtania.

"Muulize Delyth, ndiye anayepika."

Tukacheka. Kumbe alikuwa na saratani ya kongosho, na aliyejua ni mkewe Delyth tu. Aliogopa chuo kikisikia kitamwondoa, na Nerys aanze upya. Kwa hiyo hakujiandikisha kwa daktari yeyote wa kumtibu. Kila anayekaribia kufa bondeni kwetu daktari wake humwekea mapema sanduku la dawa za maumivu nyumbani, ila yeye hakuwa nalo.

Jumapili moja Delyth akampigia Nerys simu. Nikaendesha mimi. Tulimkuta Dokta amejikunja kitandani, shuka imelowa jasho, akitoa sauti ambayo sikuwahi kumsikia binadamu akiitoa. Daktari wa zamu alisema kwenye simu kwamba lazima amwone mgonjwa kwanza, na barabara ya mlimani ilikuwa imefunikwa na maji.

Nerys akapiga magoti. "Dokta, niandike? Mfamasia ananijua, atanipa."

"Jina lako haliko kwenye orodha ya waandikaji." Akauma mto, akauachia. "Ukiandika leo, hutaandika tena maisha yako."

"Basi jiandikie wewe!"

"Morfini? Yangu mwenyewe? Mfamasia atanitupia karatasi usoni, na ana haki." Akamshika Nerys mkono. "Wiki ijayo nakutilia saini ya chuo. Tulia, mwanangu."

Alikuwa akimtuliza yeye! Nilitoka nje nikapiga teke tairi la gari, maana sikuwa na mwingine wa kumpiga.

Daktari wa zamu alifika jioni, ameloa mpaka magotini. Dokta Ifor alikuwa ameshakufa, na hakufa kwa upole. Kijana yule hakuwa na la kuandika ila cheti cha kifo. Saini aliyoahidi mzee ilikuwa imekwenda naye, lakini sidhani kama Nerys aliiwaza.

Delyth alisimama mlangoni na kikombe cha chai ambacho hakuna aliyekiomba. Hakulia.

"Nerys. Miezi yote hiyo mlikuwa mnazunguka naye. Alikuwa anakufundisha nini?"

"Kutuliza maumivu kama haya, Delyth," Nerys akasema. "Alikuwa ananifundisha hiki hiki."

Delyth akaimwaga chai kwenye sinki, akatuomba tuondoke.