Boga la Watu Mia Tatu

Kabla hakujapambazuka vizuri, mama mkwe alikuwa ameshapanguza meza mara mbili na kupanga vijiko kwa urefu. Sasa alikuwa anafungua kabati na kulifunga, kana kwamba kuna mtu kajificha humo. Mkoba wake ulikuwa mlangoni. Basi lilikuwa la saa tatu.

Mke wa mwanawe alimtazama, mtoto wa miezi kumi na moja kiunoni. Jumatatu alikuwa anaanza kazi ya ukarani katika zahanati, kazi aliyoisotea miaka mitatu kwenye madarasa ya jioni, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia mtoto. Tangu juzi alitaka kusema, "Mama, usiende." Kila akifungua mdomo, aliishia kuuliza habari za chai. Utamwombaje mtu aliyekwisha kufunga mkoba? Tena mama mkwe mwenyewe alishasema, "Hapa kila kitu mnapima kwa mizani. Mimi sina kazi."

Ndiyo maana jana alinunua boga. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, hachoki kuzisifu chapati za maji za boga alizokuwa akipika mama yake katika jiko la shule ya bweni yenye wanafunzi mia tatu, zile zilizompa jina la Mama Mia Tatu. Huenda jikoni, mikono ikiwa na shughuli, ulimi ukapata upenyo.

"Mama, nifundishe zile chapati kabla hujaondoka."

"Haya, andika. Unga, kilo thelathini."

"Mama, tuko watatu!"

"Mimi najua za watu mia tatu. Hesabu si ulisomea wewe?"

Mke wa mwanawe akachukua bahasha kuukuu, akagawa kila kipimo kwa mia. Unga gramu mia tatu. Maziwa kikombe na kidogo. "Mayai, trei tatu," mama mkwe akaendelea.

"Hilo ni yai moja kasoro, mama. Hiyo sehemu ya kumi inayobaki tumpe nani?"

"Mpe mumeo, ndiye mwenye njaa isiyoisha. Maboga makubwa, ishirini. Chumvi, konzi nne."

"Konzi nne gawa kwa mia?"

"Chovya kidole, mwanangu, usinitoe jasho asubuhi yote hii."

Kipande cha boga kikachemshwa, kikapondwa kingali moto, kikaingia kwenye unga pamoja na sukari na iliki. Huku akikoroga, mke wa mwanawe alitazama saa ya ukutani. Saa moja na robo. Sema basi, alijiambia. Badala yake akamimina upawa wa kwanza.

Ukatapakaa kikaango kizima, ukashika, ukachanika. Wa pili ukafanya vilevile.

"Jina lake chapati za maji, mama, lakini hili sasa ni ziwa."

"Umekosea kugawa."

Wakarudia hesabu pamoja. Haikuwa na kosa. Mama mkwe akatia kidole kwenye bakuli, akaonja, akakunja uso.

"Boga lina maji. Ulilikamua?"

"Hukuniambia nikamue."

"Wala mimi sijawahi kukamua. Jioni nachemsha, naponda, naliacha. Asubuhi nalikuta..." Akakitazama kidole chake chenye unga. "Nalikuta kwenye gunia, limekandamizwa na jiwe. Mlinzi!"

"Mlinzi gani?"

"Yule wa pale shuleni. Nilimwambia paka wasifike kwenye sufuria, basi, akawa analitia kwenye gunia, maji yanachuruzika usiku kucha. Miaka ishirini na sita! Na mimi nadhani ni mkono wangu."

Mke wa mwanawe akaangua kicheko, kisha akakikata, maana mwenzake hakucheka. Kwa mara ya kwanza wiki nzima, mama mkwe alikuwa amekaa. Mabega yamemshuka. Hapo maneno yakatoka yenyewe.

"Mama, Jumatatu naanza kazi. Sina wa kumwachia mtoto. Usiende."

"Najua. Barua ya kazi umeibandika ukutani, na mimi kusoma najua. Unadhani mkoba niliufunga kwa nini?" Akapangusa meza kwa kiganja, ingawa ilikuwa safi. "Huyo mumeo sikumlea mimi. Alilelewa na dada yangu. Natoka amelala, narudi amelala. Watu mia tatu nawaweza. Mmoja simwezi. Huyu akilia, nimgawe kwa ngapi?"

Mke wa mwanawe akambandua mtoto kiunoni, akamweka kwenye mapaja ya bibi yake.

Bibi akakakamaa kama aliyepewa sufuria ya moto bila kitambaa. Mtoto akamshika sikio, akalivuta, akaona halitoki, akatumbukiza mkono kwenye bakuli la unga.

"Mtoe! Mtoe, atachafuka!"

"Mwache. Hata mimi sikujua kumlea alipozaliwa, mama. Nilikuwa nauliza mpaka wauza mkaa."

"Ongeza unga, basi, badala ya kunicheka."

"Gramu ngapi?"

"Mpaka utulie."

Upawa wa tatu ukageuka mzima, wa manjano, kingo zimekauka. Harufu ikamwamsha fundi. Akatokea akijikuna kichwa, akatazama saa, akatazama mkoba.

"Mama, nikakuitie pikipiki?"

"Wewe kaa ule." Akamgeukia mkwe wake, mtoto bado kamng'ang'ania sikio. "Jumatatu unatoka saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Na huyu analala saa ngapi? Analalia ubavu gani? Akikataa uji anapewa nini? Lete hiyo bahasha, andika yote. Na uniandikie vipimo vya mtoto mmoja."