Uhakiki wa Mfuaji

Tangu tangazo la uhakiki libandikwe ukutani, mfuaji wa hospitali ya serikali hakupata usingizi wa maana. Sheria mpya hiyo! Kila mtumishi wa umma athibitishe kuwa yeye ndiye yeye. Ukibainika unatumia vyeti vya mwingine, kazi huna na jela inakusubiri. Naye, maskini, miaka kumi na minne alikuwa akifua mashuka ya wodini kwa jina la dada yake. Dada alifariki akaacha kitambulisho cha kazi na binti wa miaka mitano. Mdogo mtu akavibeba vyote viwili. Angefanyaje? Walifanana, na mfuaji nani anamtazama sura?

Mashine ya kusoma alama za vidole ilipomkataa, alishukuru kimoyomoyo. Dawa za madoa zilikuwa zimekwisha kula alama zote. Lakini karani wa uhakiki akasema utaratibu upo: asiyesomeka vidole alete ndugu wa damu, aape.

Ndugu mwenyewe ni yule binti, na wiki nzima wakafanya mazoezi jikoni.

"Mimi ni nani wako?"

"Mama."

"Mama tu?"

"Mama tu, mama mdogo."

"Lo! Utanifunga wewe mtoto!" Wakacheka, kisha mfuaji akaanza upya.

Siku ikafika. Karani akavaa miwani, akamgeukia binti.

"Huyu ni nani wako?"

"Mama."

"Aliyekuzaa?"

"Ndiyo, aliyenizaa."

Hakupepesa hata jicho. Karani akafungua cheti cha kuzaliwa cha binti, akalinganisha jina la mama na lile la kwenye kitambulisho. Yalikuwa sawasawa, yangekosaje? Akapiga muhuri, pwaa!

"Haya mama, kazi njema. Nenda."

Mfuaji akainuka. Alitaka kutoka tu, atoke kabla yule bwana hajabadili mawazo. Akapita mlangoni, akapita benchi la wenzake waliokuwa wakisubiri zamu, machozi yakimlengalenga. Amepona! Mashuka yake yale, mvuke ule, vyote bado ni vyake.

Nyuma yake binti, mwenye furaha tele, akaona mkoba umebaki kitini. Akaunyakua, akaita kwa sauti ileile ya nyumbani:

"Mama mdogo! Umesahau mkoba!"

Benchi zima likageuka. Mfuaji hakugeuka. Alisikia kiti cha karani kikisogezwa, kisha sauti yake, ya upole vilevile:

"Hebu rudini kidogo."