Ubao wa Wasiogusa Kitu

Kwenye banda langu la kutengeneza kompyuta na simu kuna benchi moja refu, na benchi hilo halijawahi kukaa tupu. Wenye shida hukaa, wasio na shida hukaa, na kinyozi wa mlango wa pili, akikosa kichwa cha kunyoa, huja na taulo lake begani akabanana nao. Napenda hivyo. Mimi siwezi kufungua kifaa pakiwa kimya. Nikisikia nani kamkimbia nani, na nani kahama mtaa kwa aibu, skrubu zinalegea zenyewe.

Juu ya benchi nilitundika ubao mweusi. Ulianza kwa utani tu. Kila anayeleta kifaa kibovu, ukimuuliza alikifanya nini, jibu ni lile lile: sikugusa kitu. Simu inachuruzika maji, mwenyewe hakugusa kitu. Kibodi inanuka chai, hakugusa kitu. Basi nikaweka desturi: mtu aseme kwanza, mbele ya benchi zima, alichofanya. Nikiona ananizungusha, namwandika. Dereva: simu ilijirusha yenyewe dirishani. Fundi cherehani: chai iliingiaje humo, Mungu ndiye anajua. Watu walikuwa wanapindisha njia makusudi waje kusoma, wanacheka mpaka wanashika mbavu, nami nikawa najiona mtu wa maana mtaani.

Ijumaa moja nikaandika kwa chaki mpya, herufi kubwa: Mama Mkwe: hakugusa kitu, imezima yenyewe.

Hiyo ndiyo habari yangu. Ingekuwa inasimulika bila mimi kuwemo, ningeisimulia hivyo.

Mama mkwe wangu ni mwalimu mstaafu. Tangu alipoacha kufundisha anachapa mitihani ya shule tatu, nyumbani kwake, kwenye meza iliyo karibu na dirisha la sebuleni. Kioo cha kompyuta yake alipewa na walimu wenzake siku ya kumuaga. Kwa nyuma kuna karatasi wamesaini wote, na wawili kati yao wameshatangulia mbele ya haki. Ni kioo cha zamani, cha mraba, kinene kama godoro la mtoto, lakini hukioni na vumbi. Msimu wa mitihani mama yule anakuwa kijana. Anaamka mapema, anavaa viatu vya kazi ndani ya nyumba yake mwenyewe, na ukimpigia simu anakwambia yuko kazini.

Sasa mfumo wa kompyuta ile ulikuwa umezeeka, ukawa haufungui tena mafaili mapya ya shule. Muhula uliopita mitihani ilichelewa kwa sababu hiyo. Mwalimu mkuu akamwambia kwa heshima zote, lakini akamwambia, kwamba safari hii ikichelewa tena kazi itapelekwa kwenye duka lenye mashine zake. Mitihani ilitakiwa Jumatatu asubuhi. Familia nzima tuliijua Jumatatu hiyo.

Mimi ndiye niliyejitokeza. Tulikuwa kwake tunakula, mashemeji zangu wote wapo, nikasema Mama niachie mimi, nitakuwekea mfumo mpya, utadhani umenunua kompyuta nyingine. Mke wangu akauliza kama haiwezi kusubiri mitihani ipite kwanza. Nikacheka. Nikamwambia kazi yenyewe ni ya siku moja, na mkwe ana fundi ndani ya ukoo, asubiri nini.

Sisi mafundi wa mabanda tuna mtindo wetu: leta sipiyu tu, lile sanduku, kioo acha nyumbani. Kioo ni kizito, kinapasuka njiani, na mimi kwenye meza yangu ninacho cha kwangu, kipya, kipana kama mlango. Jumatano sanduku lilifika, Alhamisi mfumo mpya ulikuwa umeingia. Picha ilitokea hafifu, imebana katikati, kama inavyokuwa mara nyingi ukishapandisha mfumo. Nikaivuta. Nikapandisha ukubwa wake hadi mwisho, na kasi yake ya kujichora upya hadi mwisho, mpaka herufi zikawa kali kama wembe wa kinyozi. Benchi likasifu. Jioni nikampa dereva wa teksi sanduku alipeleke, nikarudi kwenye maongezi.

Ijumaa asubuhi mama akapiga simu. Nikaiweka sauti ya juu, kama ninavyoweka simu zote, benchi lisikose. Akanieleza kwa utaratibu wake wa ualimu: ameunga kila waya mahali pake, kwa sababu kabla ya kuzichomoa alizifunga nyuzi za rangi. Akiwasha, nembo inatokea vizuri, vidoti vinazunguka vizuri, halafu pale inapotakiwa kufunguka, giza. Na katikati ya giza kuna kisanduku kidogo chenye maneno, kinaelea huku na huku. Alitaka kunisomea maneno hayo.

Sikumpa nafasi. Kinyozi alikuwa anamalizia kisa cha jirani aliyefumaniwa kwenye foleni ya benki na mke wa pili, na mimi nilitaka mwisho wake. Nikamuuliza mama, umegusa nini.

"Sijagusa kitu, mwanangu. Imezima yenyewe."

Benchi likaguna. Watu wakaanza kuziba midomo, na yule dereva wa simu iliyojirusha akanyoosha kidole ubaoni. Kichwa kikanivimba.

"Mama, hicho kioo ni kizee. Huo mwanga unaouona mwanzo ni pumzi za mwisho, kinakata roho. Wape watu wa vyuma chakavu, wiki ijayo nitakutafutia kingine."

Hapo benchi likashindwa, likapasuka kwa kicheko, na bila shaka aliwasikia.

"Wiki ijayo," akasema. Hakuwa anauliza. "Haya, baba."

Akakata. Mimi nikachukua chaki.

Jioni mke wangu aliniuliza habari za mashine ya mama yake. Nikamwambia kioo kimekufa. Akauliza kama nilikwenda kukiona. Nikamjibu kwamba fundi mzoefu haendi kuona, anasikia tu. Aliendelea kukunja nguo, na nguo zile alizikunja kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

Jumamosi, saa nne hivi, benchi limejaa mpaka mtu wa mwisho amekalia nusu, teksi ikasimama mbele ya banda. Dereva wa teksi akashuka na sanduku. Nyuma yake akashuka mama mkwe, amekikumbatia kioo kilichofungwa kwenye shuka, anakitembeza kama mtu aliyebeba mgonjwa. Nilisimama nikaangusha bisibisi. Kinyozi, kwa hisani yake, akajaribu kuuegemea ule ubao. Lakini mabega ya kinyozi ni membamba, na mama alikuwa ameshautazama.

Alisalimia watu wote, mmoja mmoja. Akaweka kioo mezani, akavaa miwani, akasoma ubao kuanzia juu, bila haraka, kama anasahihisha. Alipofika kwenye mstari wake hakusimama. Aliumaliza, akavua miwani, akatafuta pa kukaa. Watu watatu waliinuka kwa pamoja kumpisha. Nikaona vidole vyake vya mkono wa kulia vina wino mpaka kwenye kifundo, na amevifunga kitambaa. Alikuwa anaandika mitihani kwa mkono tangu jana, shule ya kwanza bado hajaimaliza.

"Sikuwapa wa vyuma chakavu," akaniambia. "Nimeona nikuletee ukione mwenyewe kinavyokata roho."

Nikaunga waya, zile nyuzi zake za rangi bado zimo. Nikawasha. Nembo ikatokea, safi. Vidoti vikazunguka. Halafu giza, na kile kisanduku kikaanza kuelea. Kinyozi, ambaye hajui kunyamaza hata msibani, akainama akasoma kwa sauti: kipimo cha picha kimezidi uwezo wa kioo.

Nilijua papo hapo. Kioo hakikuwa na ugonjwa wowote. Niliipima picha kwa kioo changu kipana, nikakitwisha kizee cha watu mzigo wa kijana, kikawa kinafanya kitu pekee cha busara: kinakataa, na kinaandika sababu. Sababu hiyo ndiyo mama aliyotaka kunisomea Ijumaa. Ningemsikiliza nusu dakika, ningemtengenezea kwenye simu ile ile.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Sikusema. Nilizima, nikawasha kwa njia ya dharura, ile ambayo mashine inafunguka na picha ndogo ya kuanzia. Nikashusha ukubwa, nikashusha kasi, nikaweka programu ya picha inayoendana na mashine ile, ambayo Alhamisi niliiruka kwa sababu maongezi yalikuwa matamu. Dakika kumi na tano kwa jumla. Nikawasha upya. Nembo, vidoti, kisha kioo kikafunguka chote, mafaili ya mitihani yamepangwa pembeni kama sahani.

Benchi likapiga makofi. Mtu akasema fundi amefufua maiti. Mwingine akasema huyo ndiye mkwe, mama una bahati. Na mimi, mbele ya mkono ule wenye wino, nikatabasamu. Nilitabasamu kabisa, na nikafuta mikono kwa kitambaa kama daktari aliyetoka chumba cha upasuaji. Kosa la vipimo linaweza kumpata fundi yeyote. Lakini tabasamu lile lilikuwa langu peke yangu, na mpaka leo likinijia nikiwa nanyoa ndevu naweka wembe chini.

Mama alisubiri makofi yaishe.

"Kwa hiyo kilikuwa kimekufa, kikafufuka?"

Nikasema, ah, Mama, vitu vya zamani hivi bwana, wakati mwingine. Sikumaliza sentensi. Haikuwa na mwisho.

"Naambiwa hapa kwenu mna desturi," akasema, sauti yake ya chini, ile ya mwalimu anayejua nani kaiba kalamu ila anataka ajitaje mwenyewe. "Mtu anasema kwanza mbele ya wenzake alichofanya. Mimi nilisema jana. Nimeona mmeniandika. Sasa sema na wewe, mwanangu."

Kinyozi akawa anaangalia viatu vyake. Barabarani mtu alikuwa anapiga honi, akaacha. Benchi langu, ambalo siku zote nimelitaka lijae, nililiona limejaa kuliko kawaida, na kila uso ulioko pale ni uso niliouzoesha mimi mwenyewe kusubiri aibu ya mtu.

Nikasema. Nilianzia Jumatano. Nikasema sikuuliza kioo chake ni cha aina gani, wakati nakila chakula chake nikiwa nimekipa mgongo kioo hicho hicho. Nikasema niliiruka programu ya picha. Nikasema nilimkatiza kwenye simu kwa sababu ya kisa cha foleni ya benki. Nikasema kioo hakijawahi kuumwa, na dakika kumi na tano zilizopita nilikuwa nimeamua kuwaacha wote waamini kwamba nimekiponya. Sauti yangu ilikuwa inatoka kama ya mtu mwingine, mdogo kuliko mimi. Nilipomaliza nikachukua kitambaa kile kile nikaenda kufuta jina lake ubaoni.

"Acha kwanza," akasema. Akavaa tena miwani. "Hawa wenzangu wa juu. Huyu wa chai, huyu wa simu. Wangapi hapa walikuwa wanasema kweli?"

Majina yalikuwa kumi na moja. Niliyatazama. Yule dereva wa simu iliyojirusha alikuwa amekaa palepale, hajainua kichwa, na kwa mara ya kwanza nikakumbuka kwamba simu yake niliwahi kuibadilisha betri wiki moja kabla haijaanguka, na betri iliyovimba inaweza kukisukuma kifuniko mpaka simu iliyowekwa ukingoni mwa dirisha ikadondoka nje.

"Nifungie mashine yangu," mama akasema. "Jumatatu hainisubiri."

Nilifunga banda saa tano ya Jumamosi, saa ya kazi hasa, nikampeleka mwenyewe kwa teksi ile ile. Nilibeba kioo mapajani njia nzima. Nyumbani kwake nikaunga kila waya kwa uzi wake, nikawasha mara tatu mfululizo, na mara zote tatu kikafunguka. Akakaa akaanza kuchapa kwa mkono wa kushoto na vidole viwili vya kulia. Nikamwomba anisomee zile karatasi alizoandika kwa mkono, nichape mimi. Akanitazama kidogo, kisha akasogeza kiti. Tulichapa mpaka Jumapili mchana. Alinisahihisha herufi kubwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na habari ya ubao hakuigusa tena. Jumatatu mitihani ilifika shuleni kabla ya kengele.

Mke wangu alikuwa ameshapata habari yote kwa mke wa kinyozi kabla sijarudi. Hakunisema. Aliniuliza tu kama nimekula.

Ubao sasa ni mtupu. Nimeuosha kwa maji, lakini chaki mpya ina tabia ya kubaki, na ukisimama upande wa mlango, jua likipiga, mstari wa Mama Mkwe bado unasomeka. Yule dereva wa simu nilimrudishia betri nzuri na maneno niliyopaswa kumwambia. Aliyapokea kwa kutikisa kichwa, akaenda zake, na benchini kwangu hajakaa tangu siku hiyo. Kinyozi analalamika kwamba banda limepoa. Juzi alikuja dada mmoja na kompyuta yenye kioo cheusi, akasema kwa woga kwamba hakugusa kitu. Benchi lote likanigeukia mimi.

Nikazima redio, nikamvutia kiti. Nikamwambia aanzie mwanzo, na kama kuna maneno yoyote yaliyoandikwa pale kioo kilipozima, anisomee.