Mtabiri wa Taipureta

"Sikilizeni, enyi wana wa bwalo hili! Mimi Ludovick, sikio la taifa, natangaza rasmi kwamba kesho hakuna mchakamchaka!"

"Shuka mezani, sikio la taifa," alisema Gadiel. "Umekanyaga ugali wangu."

Kesho yake kweli hawakukimbia. Ludovick hakuwa mchawi. Dirisha la darasa lao la kidato cha tatu lilipakana na ofisi ya Mama Anyesi, mpiga chapa wa shule. Mwaka mzima Ludovick alisikiliza taipureta yake, kisha akalinganisha milio na matangazo yaliyobandikwa ubaoni. A ililia kinyonge, chini ya kidole cha mwisho. M iligonga kama nyundo. Sasa aliisoma mashine bila kuiona.

Alhamisi moja, katikati ya hesabu, mashine ikaanza. Ludovick akatega sikio, tayari kuchekesha watu. Ruhusa. Gadiel Simel. Kwenda kumzika baba yake. Kengele ya mwisho wa mstari ikalia, ti.

Pale shuleni mwanafunzi hakuambiwa msiba. Aliambiwa tu anahitajika nyumbani. Mengine angeyasikia kwa wazee wake.

Punde Gadiel akamgusa begani. "Naitwa kwa mkuu. Mtabiri, mashine imesemaje?"

Darasa zima likageuka. Tangu kiwanda alichofanyia kazi kiuzwe naye apunguzwe, baba yake Gadiel aliuza mitumba mtaa wa Levolosi, na alikuwa amemwahidi mwanawe njumu za kuchezea mpira.

Ludovick akasimama, mkono kifuani kama askofu. "Imesema njumu zimepatikana. Mzee anataka ukazijaribu mwenyewe."

Gadiel akachukua ruhusa kwa mkuu, akaondoka akipiga danadana za hewa hadi getini, ambako mjomba wake alimsubiri bila kucheka.

Aliporudi, kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Aliketi kwenye kitanda cha Ludovick.

"Nilifika nyumbani Kikwe nikicheka," alisema. "Mjomba ananishika mkono, mimi namponyoka. Nikawapita watu chini ya turubai, nikaita: baba, njumu zangu ziko wapi? Mama akanitazama, Ludo. Mbele ya watu wote wale."

"Pole, ndugu yangu. Siku ile nilikosea, mashine ilikuwa..."

"Wewe hujawahi kukosea."

Ludovick alitafuta mzaha, hata mdogo. Haukuja.

"Sikukosea," alisema. "Nilisikia kila herufi. Nilisikia kumzika. Wote walikuwa wananitazama, wanangoja kucheka. Nikaogopa, nikasema njumu."