Ukoo ni wa Baba

Bibi Pindo alikuwa fundi wa nguo, na kama kuna kitu alichokuwa hakivumilii kwa mteja ni kuficha. Ukisimama mbele yake umevuta pumzi ili kiuno kisomeke kidogo kwenye futi, alikuchapa kofi la mgongoni. "Pumua, mama! Mficha uchi hazai. Tumbo ni lako, mimi silipeleki sokoni." Watu wakacheka, wakapumua, na nguo zikawakaa. Mtaa mzima ulimjua kwa huo ukali wake na kwa mapindo yake yasiyofumuka. Lo, laiti angetokea mtu wa kumpima yeye!

Aliishi kwa binti yake mkubwa, katika chumba cha mbele, yeye na cherehani yake. Alihamia pale baada ya kufiwa na mume, akasema anakuja kusaidia wajukuu. Na wajukuu walihitaji msaada kweli, maana walikuwa wawili, wa kiume wote, na wote wawili walizaliwa na damu isiyoganda. Watu wakisikia hivyo hudhani shida ni kujikata na kisu. Wapi! Kidonda cha kisu unakiona, unakikandamiza. Shida ni damu inayovuja kwa ndani, kwenye goti, kwenye kiwiko, mtoto analala mzima anaamka hawezi kukunja mguu. Baba yao, seremala, alikuwa amezipiga msasa kona zote za meza na vitanda mpaka zikawa duara. Bibi naye alishonea sifongo ndani ya magoti ya suruali zao. Mkubwa waliyemwita Profesa, kwa maswali yake, alizivaa bila kulalamika. Mdogo waliyemwita Kishindo, kwa sababu iliyokuwa ikimkondesha mama yake kila siku, alizimaliza kwa mwezi mmoja.

Huyo mama yao, Mama Profesa, alikuwa na lake moyoni, na nyumba nzima ililijua. Alipokuwa na mimba ya kwanza walikuwa wanajenga nyumba hii hii, naye alibeba ndoo za saruji bega kwa bega na vibarua. Daktari alimweleza kwamba ugonjwa huu haupatikani kwa kubeba mizigo, ni wa kurithi, hupitia kwa mama ukawashika wavulana, na mara nyingine huanza upya tu bila historia. Mwanamke akashika maneno mawili katika yote yale: kwa mama. Mengine yakampita. Ni ile saruji, alikuwa akisema, nililitafuta mwenyewe.

Siku ile daktari alikuwa ameuliza swali moja zaidi. "Katika ukoo wenu, kuna mwanamume yeyote aliyewahi kutokwa damu isikatike?" Macho yote yakamgeukia Bibi Pindo.

"Katika ukoo wake huyu? Hakuna," akajibu.

Na ukitaka kuwa mwanasheria, hakudanganya. Ukoo ni wa baba. Binti yake alikuwa wa ukoo wa marehemu mumewe, na katika ukoo ule walikuwemo walevi, wezi wa kuku, hata mmoja aliyeoa mara tano, lakini wa kutokwa damu hayumo. Kaka zake yeye mwenyewe walikuwa wa ukoo mwingine. Hao ni wajomba, na mjomba ni wa kwao. Neno lilikuwa na mlango wa nyuma, naye akaponyokea humo. Ila alijua fika daktari hakuuliza habari za mahari na majina, aliuliza damu. Alijua siku ile, na aliendelea kujua kila alipomsikia binti yake akitaja saruji.

Mchana mmoja binti yake wa mwisho, Kitinda, aliingia akihema, mimba imemtangulia mlangoni.

"Mama, nipanulie gauni hili ubavuni. Nimekuwa pipa."

"Pipa halihemi. Simama wima."

Bibi Pindo alipiga magoti, pini zimejaa mdomoni, akaanza kufumua mshono wa ubavuni. Sebuleni, ng'ambo ya mlango, Profesa alikuwa amelazwa kwenye kochi, goti limevimba tangu asubuhi na barafu juu yake. Mama yake alikuwa jikoni akitayarisha sindano ya kugandisha damu.

"Mkunga leo kanihoji kama polisi," Kitinda alisema. "Nikamweleza ugonjwa wa watoto wa dada. Akauliza, na wengine kwenu? Nikamwambia mama alishaulizwa na daktari, ukoo wetu hauna, umeanzia kwa dada. Akasema basi, hakuna neno. Maana huyu ni wa kiume, na kichwa chake si mchezo, cha babake kabisa. Nikichoka kusukuma, watamvuta kwa kile chombo cha kunyonya kichwa."

Mikono ya Bibi Pindo ikasimama. Kishindo alipokaribia kuzaliwa, daktari alikuwa amekataza chombo hicho kama mtu anayekataza moto ndani ya ghala la petroli. Mtoto wa namna hii akivuja damu kichwani, alisema, hatutamuwahi. Wakajipanga, akazaliwa salama. Sasa huyu wa Kitinda alikuwa anakwenda kuvutwa kichwa kwa sababu ya neno moja la bibi yake.

Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mto wake. Kama mdomo ungekubali kubaki na pini, angeziacha humo.

Mama Profesa akatokea mlangoni na kichupa cha dawa viganjani. Alikuwa akikizungusha polepole, maana dawa hiyo haitikiswi. "Mbona kimya? Mama, usimtishe mtoto wa watu. Kitinda hajabeba ndoo hata moja. Hili ni langu peke yangu."

"Si saruji," Bibi Pindo akasema.

"Nini?"

"Haikuwa saruji. Haikuwa saruji hata siku moja." Alibaki pale pale chini, miguuni pa Kitinda. "Nilikuwa na kaka wawili."

"Tunajua. Walikufa kwa homa."

"Homa gani! Mmoja aling'olewa jino, akatema damu siku ya kwanza, ya pili, ya tatu akazikwa. Mwingine magoti yake yalikuwa kama ya hawa. Alianguka na baiskeli, kuanguka kwa kitoto tu, tukamwokota, hakupona. Mama yangu akatukalisha sisi wasichana, akasema hili lisivuke kizingiti, mkilisema nani atawaoa? Nikaolewa. Nikanyamaza. Nimezoea kunyamaza mpaka leo. Kitinda, mwanangu, huyo mtoto asivutwe kichwa."

Mama Profesa hakuwa akizungusha kichupa tena. "Daktari alikuuliza," alisema polepole. "Nilikuwepo. Nimempakata Profesa, ana bandeji mpaka begani. Ukasema hakuna."

"Aliuliza ukoo. Ukoo ni wa baba. Kaka zangu si wa..."

Sentensi ikamfia mdomoni. Miaka yote alikuwa akiisema kimoyomoyo na ilimtosha. Leo ameitoa nje, aibu ikamwaka mpaka masikioni.

"Damu inauliza ukoo, Mama?" Kitinda akauliza. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Na kama ningejifungua jana?"

Bibi Pindo akainamia mshono alioufumua, Kitinda akamvuta bega.

"Kesho asubuhi unakwenda na mimi hospitali. Sisemi mimi. Utasema wewe, kwa mdomo wako."

"Nitakwenda."

Mama Profesa ndiye aliyelipuka. "Nilimpigia magoti mume wangu! Nikamwomba msamaha kwa zile ndoo, na wewe umo chumba hiki hiki, unashona! Kila mtoto akilia usiku nilikuwa naitazama mikono yangu. Ungeniambia, Mama! Ungeniambia nisingezaa! Unanisikia? Nisingezaa hata mmoja!"

Kochi likalia sebuleni. Walipogeuka, Profesa alikuwa amesimama mlangoni kwa mguu mmoja, barafu inamchuruzika kwenye ndala. Alimtazama mama yake, halafu akageuka, akashika ukuta, akaenda chumbani akirukaruka kwa ule mguu mzima.

Mama Profesa alijiziba mdomo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Bibi Pindo akaitambua sura ile. Alikuwa ameibeba yeye mwenyewe tangu siku ya daktari, sura ya mtu aliyetoa neno lisilorudi. Hata hiyo nayo, alifikiri, nimemrithisha. Akashika ukingo wa cherehani, akajinyanyua, akachukua bakuli la barafu, akamfuata mtoto.

Profesa alikuwa kitandani ametazama ukuta. Bibi akakaa pembeni, akamwekea barafu kwenye goti. Mtoto akauliza kama kawaida yake, bila kuzunguka.

"Uliwaona kaka zako wakifa?"

"Niliwaona."

"Halafu ukamzaa mama."

"Nikamzaa. Kila mimba niliomba awe msichana. Akaja msichana, nikadhani nimeponyoka."

"Ungejua itatufika sisi, usingemzaa?"

Jibu zuri lilikuwepo, tena tayari. Alilisikia likija.

"Ningemzaa," alisema. "Nilimtaka sana mama yako. Ningemzaa, nimlee, na akikua ningemwambia... Hapana. Hilo la kumwambia silijui, mjukuu wangu. Naona ningeogopa vile vile. Wewe nisikudanganye."

Mtoto akageuka kumtazama. "Mama amesema kweli?"

"Amesema kwa hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu. Ila yeye ndiye wa kuulizwa, si mimi. Mimi nimeshawasemea watu vya kutosha."

Mama Profesa alikuwa tayari kizingitini, ameshika sinia la dawa, macho mekundu. Haikujulikana amesimama pale tangu lini. Aliingia, akampita mama yake bila kumtazama, akapiga magoti kando ya kitanda. Akafanya anachokijua: akafunga mpira juu ya kiwiko cha mwanawe, akapapasa mshipa, akachoma.

Akakosa. Yeye, ambaye wauguzi walikuwa wakimwita awaonyeshe mshipa wa watoto wengine! Akajaribu tena, akakosa tena. Akaichomoa sindano, akabandika pamba, akabaki ameikandamiza huku machozi yakimwangukia kwenye shuka.

"Sikuwa na maana ile," alisema. "Profesa. Wallahi sikuwa na maana ile."

Mtoto akajisogeza kwa shida na kumnyooshea mkono wa pili.

"Jaribu huu," alisema. "Goti linauma."

Mama Profesa akafungua mpira, akaufunga upya, akabadilisha sindano. Bibi Pindo aliendelea kushika barafu mpaka vidole vikafa ganzi, na hakuna aliyemwambia aondoke, wala aliyemwambia abaki.