Uso wa Mwanahalima

Mwaka wa hamsini na nne watu wa sinema walipanda Kisarawe kutoka Dar es Salaam. Walikuwa Mzungu mmoja mpiga picha na mkalimani wake aliyeitwa Maneno. Walikwenda moja kwa moja shule ya kati. Walitaka kutengeneza picha ya kuchekesha kuhusu wanafunzi: mvulana anampenda msichana wa darasani kwake, kila anachofanya kumfurahisha kinaharibika, naye msichana anapita zake na vitabu vyake kama hakuona kitu.

Mvulana wakamchagua Isihaka, kijana wa Soga aliyekuwa akikaa kwa mjomba wake Kisarawe ili asome. Huyo alikuwa mcheshi tangu tumboni. Hata mwalimu akimchapa, darasa lilicheka. Msichana wakamtaka Mwanahalima, binti wa Mzee Shomari, kwa kuwa alitembea akiangalia mbele na hakubabaika kwa mtu.

Mzee Shomari alikataa. Alikuwa mkulima, mtu wa swala tano, na mkewe alikuwa amefariki akamwachia binti huyo mmoja.

"Mwanangu apendwe mbele ya watu?"

"Hapendwi kweli, Mzee," Maneno akamwambia. "Ni mchezo tu."

"Mchezo wa moto na nyasi kavu huo."

Mwishowe alikubali kwa sharti: kijana asimguse binti hata ukucha, na shangazi ya binti, Bi Mwanakheri, akae papo hapo na mkeka wake wakati wote. Mzungu akasema hilo halimsumbui. Basi Bi Mwanakheri akawa anakuja kila asubuhi, anatandika mkeka chini ya mteremko wa shule, anasuka ukili wake na kumkodolea macho Isihaka kama askari wa boma.

Siku ya mwisho ilikuwa ya fenesi. Isihaka alitakiwa kupanda mteremko na fenesi kubwa begani, amletee Mwanahalima zawadi, kisha ajikwae na fenesi lianguke. Mwanahalima alitakiwa kupita bila kugeuka. Ni hayo tu. Lakini fenesi lilipoanguka halikukaa. Lilibiringika likashika mteremko, likaongeza mbio, likaelekea kwenye mkeka.

"Shangazi, hama!" Isihaka akapiga kelele, akaruka kulidaka, akateleza, akateremka kwa makalio nyuma yake.

Bi Mwanakheri aliinuka kwa wepesi ambao hakuwa nao kwa miaka mingi. Fenesi likapasuka kwenye jiwe. Isihaka akaangukia juu yake, akabaki amekaa pale, utomvu mpaka kwenye kope. Shule nzima ikamkimbilia kwa vicheko. Mzungu mwenyewe alikuwa akifuta machozi, huku mashine yake ikiendelea kunguruma. Kila mtu siku ile alitazama chini, kwenye fenesi. Hakuna aliyemtazama Mwanahalima.

Watu wa sinema wakaondoka. Masika yakaja, yakapita, na siku moja gari lao likarudi. Lilisimama kwenye uwanja wa mpira, wakatundika shuka jeupe kati ya nguzo. Baada ya swala ya magharibi watu walijaa. Walikuja hata kutoka Vihingo, akina mama na watoto mgongoni. Sinema walikuwa wamewahi kuona, za serikali, za kuua mbu na za kuchimba makinga maji, na watu wa ndani yake walikuwa wa nchi nyingine. Safari hii taa ikawaka na kilichotokea kwenye shuka kikawa mlima wao wenyewe.

Waliokuwa wamekaa wakainuka.

Ilikuwa shule yao, na mlango wake wenye ubao uliong'oka. Mawingu yaliyokwisha kunyesha zamani yalikuwa yanapita tena juu yake. Mbuzi wa mtu alikatiza, na mwenyewe akamwita jina kwa sauti ya kuogopa, maana mbuzi yule alikuwa amekwisha kuchinjwa. Kisha akatokea Bi Mwanakheri na ukili wake. Bi Mwanakheri aliyekuwa uwanjani akashika mkono wa jirani yake.

"Mwanajuma, nishike. Nikiwa kule, hapa amekaa nani?"

Picha haikuwa na sauti, hivyo Maneno alikuwa akisimulia kwa kipaza sauti. Fenesi likaanguka, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Isihaka akateremka kwa makalio, wakacheka zaidi. Ndipo picha ikapanda juu ya mteremko, ambako Mzungu aliigeuza mashine siku ile bila mtu kuona, ikausogelea uso wa Mwanahalima mpaka ukalijaza shuka zima, mkubwa kama ukuta wa nyumba.

Hakuwa anapita zake. Alikuwa amesimama, vitabu vimemlegea mkononi, anamtazama kijana aliyekaa kwenye fenesi. Kwanza alikuwa na hofu, kama ameumia yeye. Kisha, alipoona kijana ni mzima, uso ule ukafunguka polepole, macho, mashavu, midomo, kama asubuhi inavyopambazuka. Hakuna mtu aliyehitaji kuelezwa. Maneno akakiteremsha kipaza sauti.

Mzee Shomari alisimama. Watu wakampisha, wakijua sasa gari la watu litavunjwa. Akaenda mpaka kwenye mashine.

"Unaweza kuurudisha uso huo?"

"Naweza, Mzee."

"Urudishe."

Ukarudishwa. Mzee alitazama mdomo wazi, mikono imeanguka.

"Mama yake," alisema taratibu. "Hivi ndivyo mama yake alivyonitazama, siku niliyotumbukia mtoni na mzigo wa mihogo. Nilidhani sitauona tena uso huu duniani."

Kisha akageuka. "Isihaka yuko wapi?"

Isihaka akasukumwa mbele. Ucheshi wote ulikuwa umemtoka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ulimwambia nini mwanangu?"

"Wallahi sikumwambia neno. Sikujua. Nimejua sasa hivi, pamoja na watu wote."

"Na wewe?" Mzee akamuuliza bintiye.

Mwanahalima alikuwa ameuvuta ushungi, macho tu ndiyo yaliyobaki nje, na bado yalikuwa kwenye shuka.

"Hata mimi sikujua, baba."

Mzee Shomari akapumua. "Basi wote tumejua. Someni kwanza. Mkimaliza, wazee wa Soga waulize njia ya kuja kuposa."

Wazee wa Soga waliuliza njia baada ya wote wawili kumaliza darasa la nane. Walishuka kwenye treni Pugu, wakapanda mlima kwa miguu, na mama yake Isihaka alikuwa mbele yao. Gari la sinema lilikuwa limefika Soga pia, naye akauona uso ule. Mwanahalima alipotoka na maji ya kunywa, mama yule hakuyapokea kwanza. Alimshika kidevu, akamgeuza taratibu kuelekea mwanga wa dirisha, akamtazama kwa muda.

"Ndiye," akasema. "Ndiye kweli, na anapumua."