Kondoo wa Akika na Chupa ya Kijani

"Toka mlangoni, Blandina, nisije nikakuumiza na wewe!"

"Sitoki. Na shikamoo kwanza, Mama Sabrina."

"Shikamoo yako kampe kondoo wangu, yule pale kalala miguu juu!"

Mwanaidi, ambaye mtaa mzima wa nyuma ya stendi ya Same unamwita Mama Sabrina, alikuwa ameshika mchi wa kinu kama askari wa zamu. Kondoo wa akika ya mjukuu wake alikutwa amekufa alfajiri, baada ya kuharisha kijani siku nzima ya jana. Wageni kutoka Kwakoa walishafika, wamejaa uani kwake, chai mkononi, masikio yote huku kwa jirani. Na kijani kingine mtaani kiko wapi, kama si kwenye stoo ya Blandina, mwalimu wa kemia?

"Nimekiona dirishani kwa macho yangu," Mwanaidi aliwaambia wageni. "Chupa ya maji ya kijani, imefunikwa karatasi ina vitundu. Sumu inapumua!"

"Mwanangu anasoma digrii ya pili, hapiki sumu," alidakia Hedwiga, mama yake Blandina. "Hata mimi wiki ya tano hii haniruhusu kuingia humo kuchukua vitunguu."

"Mmesikia? Mama mzazi anamwogopa!"

"Mama, tafadhali, nyamaza," Blandina alisema. Utetezi wa namna hiyo ungemzamisha kabla ya saa nne.

Nyuma yake, kwenye rafu, chupa ilikuwa imetulia. Ndani yake kulikuwa na shaba, na kila chembe ya shaba imeshikwa pande nne na molekuli alizozitengeneza mwenyewe kutokana na tangawizi ya kutoka Mamba. Spiriti iliyoyeyusha mchanganyiko huo ilikuwa ikitoka polepole kupitia vile vitundu, na chini fuwele zilikuwa zinajipanga, safu juu ya safu, kila chembe mahali pake. Jumatatu angezipeleka kwenye mashine ya eksirei inayoonyesha mpangilio huo. Nafasi aliingojea miezi saba. Chupa ya kwanza ilishaharibika mama yake alipoisogeza kupisha gunia la mchele wa Ndungu. Mtikisiko mmoja, ikabaki unga. Hii ndiyo ilikuwa ya mwisho. Molekuli za kutengenezea nyingine hakuwa nazo.

Mwanaidi alipiga hatua. Mchi ukagonga mwimo wa mlango, na Blandina akasikia glasi ikilia rafuni, ting.

"Simama hapo hapo!" alipiga kelele mpaka akajishangaa. Kisha akashusha sauti. "Mama Sabrina, kondoo alikunywa wapi?"

"Kwenye beseni lake. Anywe wapi tena, hotelini?"

"Niletee maji ya beseni hilo. Nitayapima mbele ya wageni wako wote. Yakiwa na shaba, na shaba hiyo ikiwa yangu, chupa utaimwaga mwenyewe."

Mzee Muhidin, mumewe Mwanaidi, mtu mpole wa maneno machache, ndiye aliyeleta maji kwenye glasi ya chai. Blandina aliyachuja kwa kitambaa, akafungua kichupa cha amonia. "Yakigeuka buluu, yana shaba," alisema. Wageni waliokaribia wakarudi nyuma wameziba pua.

Tone la kwanza, maji yakafanya ukungu. La pili, la tatu. Akaendelea. Ukungu ukapotea, na glasi nzima ikageuka buluu, buluu nzito ya wino.

"Hiyo hapo!" Mwanaidi aliruka. "Shaba! Kajifunga mwenyewe!"

Hedwiga alishika kichwa. Blandina aliikodolea macho glasi. Shaba ilikuwa imeyaachia maji na kushikana na amonia, hilo halikuwa na ubishi. Lakini buluu hii ilikuwa kali mno.

"Subiri. Chupa yangu nzima haina shaba ya kufika robo ya kijiko. Kwenye beseni hili mtu ametia shaba viganja vizima." Aligeuka taratibu. "Nani hapa anatumia mrututu, ile dawa ya buluu yenye shaba?"

Mzee Muhidin akavua kofia.

"Mimi," alisema. "Mbuzi walioza kwato baada ya mvua. Juzi niliwasimamisha kwenye mrututu, humo humo kwenye beseni. Yakabaki maji kidogo, nikaona si neno, nikajazia juu yake. Mbuzi walitoka kwenda malishoni. Kondoo nilimfunga pale."

"Mbuzi angeweza kuvumilia, Baba Sabrina. Kondoo hawezi kabisa shaba. Hilo beseni msilinyweshee tena mnyama."

"Wewe mwanaume!" Mwanaidi alimgeukia mumewe. "Tangu alfajiri nalaani watoto wa watu, wewe umekaa hapo unakunywa chai!"

Wageni wakaanza kucheka, mmoja kwanza, kisha wote. Mwanaidi hakucheka. Alipeleka mchi ukutani kwake, akauegemeza.

Blandina aliingia stoo kwa ncha za vidole, akachuchumaa mbele ya rafu. Chini ya chupa, fuwele ndefu za kijani zilikuwa bado safi, hazina vumbi. Alitoka akiurudisha mlango kwa viganja viwili, polepole.

Mwanaidi alikuwa amerudi mbele ya stoo, mikono kiunoni, anaangalia chini.

"Akika mpaka tupate kondoo mwingine," alisema. "Leo ni wali na maharage tu. Nawa mikono, Mwalimu, mwite na mama yako. Pitieni mlango wangu wa mbele, mkae mkekani na wageni, mle."